"SAMAKI WAKO WANAUANA": Panga samaki wa akwariamu vizuri kabla hujamfungia mteja mzigo

Kama unauza samaki wa mapambo mtandaoni, au unapiga hesabu za kuanza, soma hili mpaka mwisho. Mimi limenigharimu pesa na aibu mpaka nikalijua. Wewe lichukue bure.

Ilikuwa Jumanne, saa moja asubuhi. Ukaingia ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mama mmoja wa Kilwa Masoko. Siku sita nyuma nilikuwa nimemfungia tangi lake la kwanza, zawadi ya mwanawe aliyefaulu darasa la saba. Ujumbe ulikuwa mfupi tu:

"Mwanangu, njoo uwaone samaki wako. Wanauana."

Nikajibu, "Shikamoo mama. Labda wanacheza tu, ndiyo wanazoeana."

Akanitumia picha. Samaki mpiganaji wa bluu, yule niliyemsifia kwenye posti yangu kwa mapezi marefu kama kanga ya harusi, alikuwa amelala chini, mapezi yamebaki vijiti. Gapi wanne wanaelea juu. Malaika wawili wamejibana kona moja nyuma ya filta. Katikati ya tangi taiga wanne wanazunguka, wazima kabisa, kama wenye nyumba.

Akaandika tena: "Mtoto analia. Anasema uliniuzia samaki wabaya."

Jamani, hilo neno liliniuma. Samaki hawakuwa wabaya. Mmoja mmoja walikuwa wazima na wazuri, nilikuwa nimewakalisha wiki mbili kwangu kabla ya kuwauza. Mbaya alikuwa mpangaji. Mpangaji ni mimi.

HESABU YA ILE SIKU

Tuongee pesa kwanza, maana hapa ni ukurasa wa biashara.

Mpiganaji mmoja nilimuuza 10,000. Gapi sita kwa 2,000 kila mmoja, 12,000. Taiga wanne kwa 4,000, ni 16,000. Malaika wawili kwa 8,000, ni 16,000. Jumla 54,000. Mimi niliwanunua wote kwa 31,000, na bodaboda ya kupeleka ilikula 8,000. Faida ikabaki 15,000. Nikajiona nimepiga kazi.

Kisha nikarudisha pesa ya mpiganaji 10,000 na ya gapi wanne 8,000. Bodaboda ya kwenda tena 8,000. Jumla 26,000. Toa kwenye ile faida ya 15,000, nimekula hasara ya 11,000. Hapo sijahesabu siku nzima iliyopotea, wala kwamba Masoko ni mji mdogo. Kufika jioni kuna watu wawili walionifuta kwenye oda bila kusema sababu. Sababu niliijua.

Sasa tuingie kwenye somo.

KWA NINI SAMAKI WADOGO WANAPIGANA

Mimi ni mtoto wa Kikole. Sisi kwetu mvua zikikolea, madimbwi yanajaa pembeni ya njia na kwenye mbuga. Wiki chache baadaye unakuta humo samaki wadogo, madume yana rangi utadhani yamepakwa, majike ya kijivu tu. Nilikuja kujua ukubwani kwamba ni wa ukoo unaoitwa Nothobranchius. Mayai yao hukaa kwenye tope kiangazi kizima dimbwi likiwa limekauka, mvua zikirudi yanaanguliwa. Kwa sababu maji hayadumu, wanakua haraka mno. Ndugu yao mmoja wa Msumbiji, Nothobranchius furzeri, watafiti walikuta anaweza kufikia umri wa kuzaa ndani ya siku 14 tangu kuanguliwa.

Tulipokuwa watoto tulikuwa tunawavua kwa kitambaa. Kila mtu anataka dume lenye rangi, hakuna anayetaka jike. Tunaweka madume mawili kwenye kopo moja la maziwa. Asubuhi tunakuta moja limekufa, mkia umechanika. Tukadhani ni maji yamechafuka. Hatukujiuliza mbona lile jingine halijafa.

Dimbwini yale madume mawili yangekuwa na majani ya kujificha, na aliyeshindwa angekimbia. Kwenye kopo hakuna pa kukimbilia. Na majike yaliyopaswa kugawana ile shauku ya madume tulikuwa tumeyaacha. Yote niliyokuja kujifunza baadaye yalikuwa kwenye lile kopo. Samaki hupigana kwa mambo haya:

Eneo. Dume linachagua jiwe, kona au pango na kusema hapa kwangu. Tangi dogo maana yake kila mtu yuko kwenye eneo la mtu.

Jike. Madume mengi, majike machache, ni vita. Hata kama madume hayapigani, majike yatakimbizwa mpaka yachoke yafe.

Mfanano. Samaki humshambulia zaidi anayefanana naye umbo au rangi, kwa sababu humwona mshindani.

Upungufu wa kundi. Samaki wa makundi wakiwa wachache hawatulii. Ugomvi ambao wangeumaliza wenyewe kwa wenyewe wanaupeleka kwa majirani.

Mdomo. Huu si ugomvi, ni chakula. Samaki yeyote anayeenea kwenye mdomo wa mwenzake, siku moja ataingia.

Msongamano. Maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko maji ya baridi, na sisi wa pwani maji yetu ni ya moto. Ukijaza samaki kupita kiasi, hewa inapungua, uchafu unaongezeka, kila mmoja ana hasira.

Rudi sasa kwenye tangi la yule mama. Taiga ni samaki wa kundi, mimi nikampa wanne tu. Wamezoeleka kwa kudonoa mapezi, mimi nikawaweka na mpiganaji na malaika, wenye mapezi marefu kuliko wote. Mpiganaji naye ana uadui na samaki wenye mikia mipana ya rangi, mimi nikamwekea gapi madume. Kila kosa lililokuwepo nilikuwa nimelilipisha pesa.

WAJUE UNAOWAUZA

Hawa ndio wanaozunguka sana kwenye oda zetu. Chukua daftari.

1. Mpiganaji. Asili yake ni Thailand na nchi za jirani, ambako wamefugwa kwa kupiganishwa tangu zamani. Mwaka 2019 Thailand walimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Dume moja kwa tangi moja, hakuna mjadala. Majike nayo yanaweza kupigana, usimwambie mteja kwamba majike hayana shida. Kwa kuwa anaweza kupumua hewa ya juu ya maji, watu humuuza kwenye chupa, na mteja anadhani chupa ndiyo nyumba. Chupa ni ya safari na ya duka. Nyumbani apate tangi lake lenye majani, na maji yabadilishwe. Majirani wanaomfaa ni wapole wasio na mapezi marefu, mfano kori wanaotembea chini. Asiwekwe na gapi madume wala taiga.

2. Gapi. Mpole kwa wengine, msumbufu kwa jike lake. Uza dume moja kwa majike mawili au matatu. Mteja akitaka rangi tu na hataki watoto, muuzie madume matupu, yasichanganywe na jike hata moja. Na mwambie ukweli: jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo linaweza kuzaa hata likiwa peke yake, na huzaa karibu kila mwezi. Wakubwa hula watoto, kwa hiyo majani mengi yanahitajika. Moli na plati nao wapange hivyohivyo, majike yawe mengi kuliko madume.

3. Taiga. Yule mdogo wa milia minne myeusi, asili yake visiwa vya Sumatra na Borneo. Kuanzia wanane kwenda juu wanashughulikiana wenyewe na wanapendeza kuangalia. Watatu au wanne ni wahuni. Asikae na mpiganaji, malaika, gapi, wala samaki yeyote mzito mwenye mapezi ya kuburuza.

4. Neoni. Mpole, mdogo, anang'aa. Sita ndio mwanzo, kumi ni bora. Akiwa mmoja au wawili anajificha na rangi inafifia, mteja atasema umemuuzia mgonjwa. Asiwekwe na malaika.

5. Malaika. Akiwa mdogo anauzwa na saizi ya sarafu, mteja anaona mzuri. Akikua mwili wake unafika kama sentimita 15, na neoni anakuwa chakula. Wawili wakipata mayai, wanafukuza kila mtu upande ule wa tangi. Anataka tangi refu kwenda juu. Siku ya kuuza, tuma na picha ya malaika mkubwa ili mteja ajue anakoelekea.

6. Samaki wa dhahabu. Hana ugomvi mwingi, lakini anakula sana, anachafua sana, anakua mkubwa, na anapenda maji ya baridi kuliko hawa wengine. Anameza kidogo chochote kinachoingia mdomoni. Muuze na wenzake wa dhahabu tu.

7. Kori. Anatafuta makombo chini kwa masharubu. Mpole kwa kila mtu. Auzwe kuanzia wanne au sita. Wengi humnunua mmoja "wa kufagia". Mwambie mteja kori si fagio, naye anahitaji chakula chake kinachozama.

8. Samaki wa maziwa yetu. Tanzania tuna utajiri unaotafutwa na wafugaji wa akwariamu duniani kote, wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Mbuna wa Nyasa, kama yule wa njano anayeitwa Labidochromis caeruleus, wanaishi kwenye mawe na kila dume lina jiwe lake. Wafugaji huwaweka wengi kwenye tangi kubwa lenye mawe mengi, ili asipatikane mmoja wa kuonewa peke yake. Tropheus wa Tanganyika ndiyo hivyohivyo, kundi la kumi na zaidi. Halafu kuna kadogo ka Tanganyika kanakokaa ndani ya makombe ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, hakazidi kama sentimita 5, lakini ukisogeza kidole kwenye kombe lake kanakuja kukudonoa. Usipime ukali kwa ukubwa. Hawa wote wanataka maji magumu yenye chumvichumvi za mawe, tofauti na neoni. Usiwachanganye na hao wa juu.

9. Samaki wa madimbwi, wale wa kwetu. Dume moja kwa majike mawili au matatu, tangi lenye majani na giza kidogo. Maisha yao ni mafupi, mara nyingi hayafiki mwaka au yanazidi kidogo, na mteja lazima aambiwe kabla hajalipa. Nitawarudia chini, maana wana mambo yao.

MASWALI MATANO KABLA HUJASEMA BEI

Siku hizi mtu akiniandikia "bei gani huyo mwekundu?" sijibu bei kwanza. Najibu, "Karibu sana. Naomba nikuulize vitu vitano ili nikupe atakayekufaa." Wapo wanaokasirika na kuondoka. Wengi wanapenda, wanaona wamekutana na mtu anayeijua kazi.

La kwanza: Tangi lako ni la ukubwa gani? Kama hajui lita, aseme urefu, upana na kimo kwa sentimita. Zidisha vyote, gawa kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54 likijaa hadi juu. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji yenyewe yanapungua.

La pili: Lina muda gani tangu liwekwe maji? Tangi jipya kabisa halina bado vijidudu vizuri vya kula uchafu wa samaki. Huchukua wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi sita. Anza na wachache.

La tatu: Nani yupo ndani sasa? Omba picha au video, usikubali "wapo wapo tu". Mteja mmoja aliniambia ana "samaki mmoja mdogo". Video ilipokuja nikaona perege wa kitoweo, kiganja kizima.

La nne: Kuna sehemu za kujificha? Mawe, majani, chungu kilichovunjika kingo zikiwa zimesuguliwa. Kama hakuna, muuzie na hivyo. Nayo ni mauzo.

La tano: Unataka kuona nini? Rangi, watoto wa samaki, au vurugu za kuogelea? Swali hili ndilo linakupa oda. Anayetaka vurugu mpe kundi la taiga peke yao. Anayetaka utulivu mpe neoni na kori. Mtoto anayetaka kuona samaki wakizaa mpe gapi.

UZA FAMILIA, USIUZE KICHWA KIMOJA

Hii ndiyo iliyobadilisha biashara yangu. Niliacha kuposti samaki mmoja mmoja nikaanza kuposti familia.

Familia ya Utulivu: neoni kumi na kori wanne.
Familia ya Uzazi: gapi dume mawili na majike matano, pamoja na fungu la majani.
Familia ya Vurugu: taiga kumi, basi, hakuna mwingine.
Mfalme: mpiganaji mmoja na tangi lake dogo na majani yake.

Faida zake? Mteja hapangi mwenyewe akakosea. Oda inakuwa kubwa kuliko ya kichwa kimoja. Wewe unanunua kwa jumla ukijua kabisa unahitaji nini. Na malalamiko yanapungua, maana familia uliijaribu kwako kwanza. Nasisitiza hilo: ikae kwako wiki mbili, uione ikila na ikilala, ndipo uiposti.

Kila familia ina kadi. Kipande cha karatasi, nimeandika kwa mkono na kupiga picha: jina, wangapi, lita zisizopungua, nani ASIWEKWE nao. Picha hiyo namtumia mteja kabla hajalipa, na karatasi inaenda na mzigo. Kesho akiongeza samaki kwa muuzaji mwingine na mambo yakaharibika, kadi ipo, na bado atarudi kukuuliza wewe.

MZIGO NA SIKU YA KUWAINGIZA

Wengi wetu huku kusini mizigo inashuka Nangurukuru na basi la kutoka Dar, kisha inatafuta bodaboda. Samaki waliochoka na safari ni rahisi kuonewa. Kwa hiyo:

Usiwalishe siku moja kabla ya safari, wasichafue maji ya mfuko. Mfuko uwe na maji theluthi moja, hewa theluthi mbili. Wapiganaji kila mmoja mfuko wake, na weka gazeti katikati wasionane njia nzima. Weka mifuko kwenye boksi la kuhifadhi baridi, bila barafu, ili joto lisipande na kushuka.

Mwambie mteja: mfuko uelee kwenye tangi dakika 15 hadi 20, kisha aongeze maji ya tangi kwenye mfuko kidogo kidogo. Awahamishe kwa wavu, asimwage maji ya mfuko ndani. Taa zizimwe.

Kama tangi lina wenyeji, kuna ujanja mzuri. Kabla ya kuingiza wageni, abadilishe mpangilio wa mawe na majani. Mwenyeji aliyekuwa na kona yake anakuta hana kona, wote wanaanza upya. Awalishe wenyeji kwanza. Aingize wageni kadhaa pamoja, si mmoja peke yake. Na kama anapanga tangi zima kwa awamu, wapole watangulie, mkorofi aingie mwisho.

Baada ya hapo mimi namwandikia mteja siku ya pili, ya tano na ya kumi. "Shikamoo mama, naomba video fupi ya samaki." Kwenye video naangalia: kuna anayekimbizwa bila kupumzika? Mapezi yamechanika? Kuna aliyejibana juu kona moja au nyuma ya filta? Rangi zimefifia? Kuna asiyekuja kwenye chakula? Mashavu yanapumua mbiombio? Ukiona mawili ya hayo, usingoje aandike yeye.

MTEJA AKIANDIKA "WANAPIGANA"

Usijibu kama nilivyojibu mimi. "Wanazoeana" ni neno la kumfanya mteja aone unamkwepa. Fanya hivi:

Kwanza mpe pole na uombe video. Pili, mwambie amtoe mkorofi, si aliyeumia. Mkorofi akae kwenye ndoo safi yenye maji ya tangi hilohilo, ifunikwe kwa wavu. Akirudishwa baada ya siku chache atakuta wenzake wamejipanga, mara nyingi anapoa. Tatu, maji ya tangi yabadilishwe kiasi, maana pezi lililochanika dawa yake ya kwanza ni maji safi. Nne, kama mpangilio ulikuwa wako na ulikosea, badilisha samaki kwa gharama yako. Inauma, lakini ni nafuu kuliko sifa.

Kwa yule mama nilifanya hivyo. Nikaenda, nikarudisha pesa ya waliokufa, nikawachukua taiga wote na malaika, nikawaacha gapi wawili waliobaki na kuwaongezea majike. Mtoto alikuwa amekaa mlangoni, hakunisalimia. Mama alinipa maji ya kunywa na kuniambia taratibu, "Mwanangu, mimi samaki siwajui. Ndiyo maana nilikuja kwako." Sikuwa na jibu.

MAMBO MATATU YA KUKATAA

Moja, video za kupiganisha. Wapo wanaoweka wapiganaji wawili chombo kimoja ili video itembee. Watazamaji utapata. Lakini mteja wa kwanza atakayekuja ni anayetaka kucheza kamari na viumbe, na wa pili ni mtoto aliyeiga akaua samaki wake. Dume la mpiganaji ukilionyesha kioo sekunde chache linatanua mapezi vizuri tu kwa picha. Kisha ondoa kioo, lisichoke.

Mbili, kumwaga samaki. Mteja akichoka na samaki, asiwapeleke mtoni wala dimbwini. Samaki wa kigeni akizaliana huko, anakula mayai na vifaranga vya wenyeji. Mwambie akurudishie wewe, hata kwa bure, utawapatia nyumba.

Tatu, kuvua bila karatasi. Najua ukisoma habari za samaki wa madimbwi umeshaona pesa. Ni kweli wanathaminiwa. Yule wa Unguja, Nothobranchius guentheri, aliandikwa na wataalamu tangu mwaka 1893 na anafugwa nchi nyingi. Wa Mafia anaitwa korthausae, aliandikwa mwaka 1973. Huku kwetu bonde la mto Mbwemkuru lina wa kwake mwekundu, cardinalis, aliyeandikwa mwaka 2008. Wafugaji wa nje hutumiana mayai yao kwa posta kwenye udongo wenye unyevu, ndani ya kimfuko kidogo. Biashara ya mtandaoni iliyotimia!

Lakini angalia vizuri. Samaki anayeishi bonde moja tu, dimbwi lake likifukiwa au likivuliwa lote, ndiyo basi. Uvuvi wa kibiashara na kusafirisha samaki hai kuna leseni na vibali chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Nenda kwa ofisa uvuvi wa halmashauri yako uulize kabla, si baada ya kukamatwa na mzigo. Na mwenye nia ya kweli anachukua jozi chache kwa kibali, anawazalisha nyumbani, anauza watoto wao.

Kikole tunalielewa hili kwa mti wa mpingo. Msitu wa kijiji chetu ni miongoni mwa ile iliyopata cheti cha FSC mwaka 2009, cha kuonyesha kwamba mbao zinavunwa kwa utaratibu. Mpingo ni uleule, lakini wenye karatasi safi unauzwa mchana, na kijiji kinapata chake. Samaki naye ni hivyo.

TUMALIZIE

Yule mama hakununua tena kwangu kwa karibu nusu mwaka. Nilikuwa naona anaangalia stetasi zangu, haandiki. Sikumsumbua. Siku moja ikaingia namba mpya: "Mimi ni wifi yake mama fulani wa Masoko. Ameniambia utaniuliza maswali mengi, nisikasirike. Uliza."

Nikamuuliza yote matano.

Wewe leo jioni fanya kitu kimoja tu. Fungua orodha ya samaki ulio nao, andika mbele ya kila mmoja: anaishi na nani, asiishi na nani, wangapi wasipungue. Ukikwama kwa yeyote, huyo usimposti kesho mpaka ujue.

Mtumie na mwenzako anayeuza samaki. Kazi njema, na mauzo mema.